Kamera ya joto ya bei nafuu kwa kazi za AC na nyumba: ipi ya kununua?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kamera yangu ya kwanza ya joto ilikuwa ya pikseli (nukta za picha) 80 kwa 60. Siku moja hapa Dar es Salaam niliielekeza kwenye bomba la shaba la AC ya mteja, ikaniandikia nyuzi 27. Nikaona gesi imepungua, nikaongeza bila hata kufunga geji ya kupima shinikizo la gesi. Kumbe bomba lilikuwa baridi vizuri tu. Shaba tupu inayong'aa haioneshi joto lake kwenye kamera. Inafanya kama kioo, inarudisha joto la ukuta na la fundi aliyesimama mbele yake. Ningeligusa kwa kiganja ningejua. Tangu hapo tepu nyeusi ya umeme haitoki kwenye begi langu: nazungusha kipande kwenye bomba, nasubiri dakika moja, napima juu ya tepu.

Nimesema hayo kwanza kwa sababu watu huuliza kamera ipi ni kali, wakati kamera zote zina udhaifu uleule. Zinasoma uso wa kitu. Haziingii ndani ya ukuta, hazipiti kwenye kioo cha dirisha, na hazipimi hewa. Ukitaka kujua AC inapuliza nyuzi ngapi, ning'iniza kipande cha karatasi mbele ya upepo, upime karatasi. Kingine weka pale hewa inapoingilia. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili njema, ingawa kwa unyevu wa pwani inaweza kupungua kidogo bila AC kuwa na tatizo.

Sasa pikseli, maana hapo ndipo pesa inapokwenda. 80 kwa 60 ni nukta 4,800 tu. 160 kwa 120 ni 19,200. 256 kwa 192 ni 49,152, na siku hizi kiwango hicho kimeshuka bei hadi sioni sababu ya kununua chini yake. Angalia sana maandishi ya boksi: wapo wanaoandika kwa herufi kubwa pikseli za skrini, si za kihisi cha joto. Uliza za kihisi.

Kwa fundi anayepanda ngazi kila siku, naweka Hikmicro B10 nafasi ya kwanza. Pikseli 256 kwa 192, picha 25 kwa sekunde, skrini yake yenyewe, kamera ya kawaida pembeni, na mpini wa kushika kama drili. Mtandaoni bei huchezacheza kati ya dola 350 na 500, kabla ya usafiri na ushuru. Mkono mmoja uko kwenye ngazi, mwingine kwenye kamera, na simu ikiita haikati kazi.

Ya pili, na kwa mwenye nyumba ningeiita ya kwanza, ni Topdon TC001, kijipande kinachochomekwa kwenye simu ya Android. Kihisi ni cha pikseli zilezile 256 kwa 192, kwa karibu nusu ya bei. InfiRay P2 Pro ni ya ukoo huohuo, ndogo zaidi, na ina lenzi ya sumaku ya kuangalia vitu vya karibu kama saketi bodi. Kero zake ni za simu: inakula chaji yako, kava nene linazuia isiingie vizuri, na ukiidondosha ikiwa imechomekwa unaweza kupoteza vyote viwili. Mwenye iPhone aulize toleo la iPhone kabla hajalipa.

Uni-T UTi260B inafuata. Kwa namba inalingana na B10. Nimeiweka nyuma kwa sababu ya mazoea ya mkono tu, na ukiipata kwa bei ndogo zaidi chukua.

FLIR C5 ni nzuri, inaingia mfuko wa shati, na ina ufundi wa kuchora kingo za picha ya kawaida juu ya picha ya joto, hivyo unasoma hata maandishi ya breka inayochemka. Lakini ni pikseli 160 kwa 120, picha 8.7 kwa sekunde, na kwa kawaida bei yake inaipita B10. Unalipia jina na ripoti safi za kumpa mteja. FLIR One Gen 3 ndiyo ile ya pikseli 80 kwa 60. Iache.

Ukishanunua, chunga rangi. Kamera hugawa rangi kulingana na kilichomo kwenye picha, kwa hiyo ukuta wenye tofauti ya nyuzi moja tu unaweza kuonekana mwekundu huku na bluu kule kama nyumba inaungua. Funga kipimo cha rangi kisibadilike, mathalani nyuzi 20 hadi 40, ndipo ulinganishe chumba na chumba.

Kwa wanaopasha nyumba joto, wa Makete au ndugu walioko Minneapolis, subiri tofauti ya nyuzi 10 kati ya ndani na nje ndipo utafute mianya. Kwetu pwani AC ikiwa 24 na nje 31 tofauti hiyo haipatikani, ila tuna bati. Saa tisa alasiri bati limewaka: simama chumbani, elekeza kamera darini, na pale pasipowekwa sufi ya kuzuia joto utapaona pameng'aa.

Kabla ya kulipa, washa kamera na uiache dakika kama tano itulie. Ule mlio wa "tik" unaosikika kila baada ya muda ni kawaida, inajisawazisha. Kisha bandika kiganja ukutani sekunde tano, ukitoe, na utazame alama. Kamera nzuri itakuonesha vidole vyote vitano vikififia polepole. Ukiona doa tu, mrudishie muuzaji kamera yake.