Mboji ya nyumbani: chombo gani ununue, kipi uache dukani

Taka nyingi za jikoni Dar es Salaam ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai. Ukivichanganya na majani makavu na kuvigeuza mara kwa mara, mboji huwa tayari kwa miezi miwili mitatu, kwa sababu joto la pwani huharakisha kuoza. Inauma kuona vitu hivyo vikilipiwa gari la taka, halafu mwenye nyumba huyohuyo ananunua udongo wa maua.

Vyombo nimevipanga kwa mambo matatu: hewa ipite, mvua isiingie, panya wasipate njia. Bei inakuja baadaye.

Namba moja ni pipa la plastiki la lita 200, yale ya bluu yanayouzwa yakiwa yametumika. Chagua lenye mdomo mpana na mfuniko unaobanwa kwa pete ya chuma. Lile lililozibwa juu, lenye vitundu viwili tu vya kujazia, itabidi ulikate, na ukishalikata halifungi tena sawasawa. Kisha uliza lilibeba nini. Lililobeba juisi au sabuni linaoshwa na kutumika. Lililobeba dawa ya wadudu au tindikali usilichukue, hata likiwa safi na bei ni ya kutupa, maana mboji hiyo inakwenda kwenye mboga utakazokula. Muuzaji akisitasita kujibu, nenda kwa mwingine.

Mwambie fundi atoboe matundu ya unene wa penseli pande zote na chini, kila baada ya shubiri moja. Liweke juu ya matofali, kivulini. Tabaka la kwanza liwe makumbi ya nazi, ili maji yachuruzike. Baada ya hapo, kwa kila ndoo ya taka mbichi tia ndoo mbili au tatu za majani makavu: ya mwembe, ya mkungu, au maranda ya seremala yasiyo na rangi wala dawa. Machicha yana mafuta na hugandamana, kwa hiyo yapukuse kwa vidole kabla ya kuyamwaga. Nyama, samaki na mafuta ya kukaangia visiingie kabisa.

Ili kujua unyevu, chota konzi moja uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, uko sawa. Yakichuruzika, au pipa likinuka yai bovu, maji yamezidi na hewa imekosekana: ongeza makavu, ugeuze.

Mwenye uwanja mkubwa, tuseme Kigamboni au Bagamoyo, namba mbili inaweza kumfaa kuliko pipa. Ni wavu mgumu wa chuma wenye kimo cha mita moja. Nunua mita tatu na nusu, uuzungushe uwe duara na kuufunga kwa waya. Rundo la ukubwa huo, likichanganywa vizuri, hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi katikati, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu, jambo ambalo pipa hufanya kwa shida. Udhaifu wake ni masika, kwa hiyo weka turubai kwenye bajeti. Kuku nao hawalali.

Anayeishi ghorofani achukue namba tatu: ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Ya juu itobolewe chini, ya chini ipokee maji. Hujaa upesi, basi panga mapema utaimalizia wapi mboji yako, iwe kwa jirani mwenye bustani au kwenye vyungu vya baraza.

Minyoo wekundu, wanaofugwa sandukuni wale taka na kutoa mboji, nawaweka namba nne kwa watu wa pwani tu. Joto likipita nyuzi 30 huanza kuteseka, na ndani ya sanduku lililopigwa na jua hufa. Arusha, Lushoto au Nairobi ningewapandisha hadi namba mbili, maana mboji yao ni laini na nzuri mno kwa miche. Hao wanataka taka kidogokidogo, na ndimu na vitunguu wapunguziwe.

Sandarusi ni rahisi kuliko vyote na ndiyo namba tano. Jua huichakaza ikaanza kuchanika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo za plastiki hubaki kwenye udongo. Itumie kuhifadhia majani makavu, kazi hiyo inaiweza.

Mwisho kabisa ni mashine ya umeme ya mezani. Nyingi kati ya hizo hukausha na kusaga chakula kwa saa chache. Kinachotoka bado hakijaoza, na ukikirundika kwenye shina la mche kinaanza kuozea pale na kuusumbua. Unalipia mashine, unalipia umeme, kisha bado unahitaji udongo na muda.

Fedha ya mashine hiyo itatosha pipa, fundi wa kutoboa na uma wa bustani wa kugeuzia. Uma usiuache: mti wa kawaida unakoroga juu tu, na chini ndiko kunakoanza kunuka.