Siku tatu Ziwa Mjøsa, Norwe: meli ya 1856, baiskeli na ngazi 936

Nimezaliwa Ujiji. Ziwa kwangu ni mahali pa kuogea, pa kufulia na pa kusubiri mitumbwi ya dagaa alfajiri, na sikuwahi kufikiria kulipa nauli kwenda kulitazama. Mdogo wangu anasoma Oslo, na nilipomtembelea Julai nilitaka anipeleke kwenye zile ghuba za bahari zenye milima pande zote ambazo kila mtu anapigia picha. Akaniambia, "Dada, huko utaenda siku nyingine. Kuna meli nataka uione, ni pacha wa Liemba, ile meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika." Hapo hakuwa na haja ya kunibembeleza tena.

Mjøsa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Norwe. Lina urefu wa kilomita 117, ni jembamba, na kina chake kinafika takriban mita 450. Tanganyika yetu inashuka mita 1,470, lakini Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, lina kina cha mita 80 hivi tu. Kutoka Oslo ni treni ya saa moja na robo hivi hadi Hamar. Kaa upande wa kushoto: ukishapita Eidsvoll reli inafuata ukingo wa maji, na unaliona ziwa vizuri kabla hujashuka.

Siku ya kwanza tulibaki Hamar. Kwenye rasi ya Domkirkeodden kuna magofu ya kanisa kuu la zama za kati, lililobomolewa vitani na Waswidi mwaka 1567. Nguzo zilizobaki zilikuwa zinaliwa na baridi na mvua, wakaona bora wajenge juu yake paa kubwa la vioo, lililokamilika 1998. Unaingia ndani, jua linapita kwenye kioo na kuangukia matao yaliyosimama peke yake bila ukuta. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nyumbani nimeona magofu mengi ya pwani yakiachiwa mizizi na mvua, ndiyo maana sikuona ajabu kwamba watu walitumia fedha nyingi hivyo kwa mawe.

Baadaye tulikodi baiskeli ili twende Brumunddal, kama kilomita 14 hivi kaskazini, kuona jengo la Mjøstårnet. Ni ghorofa 18 za mbao, mita 85.4, na lilipofunguliwa 2019 halikuwapo jengo la mbao refu zaidi yake duniani. Safari ni nzuri, mashamba ya shayiri na viazi yanashuka hadi karibu na maji. Baiskeli ndiyo iliyotuangusha. Mnyororo wa yangu ulichomoka mara tatu, breki ya mdogo wangu ilishika upande mmoja, na tuliporudisha, yule aliyetukodisha alisema tulitakiwa kukagua kabla ya kuondoka. Mahali penyewe sipataji. Ninachowaomba ni mzungushe kanyagio na mbonyeze breki mbele ya mwenye baiskeli kabla hamjatoa kadi ya benki.

Sasa nifike kwenye meli.

Inaitwa Skibladner, jina la meli ya mungu Frey katika hadithi za kale za Skandinavia, meli iliyoweza kukunjwa kama kitambaa na kutiwa mfukoni. Ilitengenezwa Motala, Sweden, ikaletwa vipande vipande hadi ncha ya kusini ya ziwa, ikaunganishwa hapo na kuanza safari mwaka 1856. Mtu wa Kigoma akisikia hivyo moyo unamruka. Liemba nayo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafungwa kwenye makasha, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma na kuunganishwa kwetu. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Skibladner imezama mara mbili, 1937 na 1967, na mara zote mbili wenyewe wakaivuta juu, wakaitengeneza na kuirudisha kazini. Leo ndiyo meli kongwe zaidi duniani ya magurudumu ya pembeni ambayo bado inasafiri kwa ratiba.

Haina rafadha. Kila ubavu una gurudumu kubwa lenye makasia yanayopiga maji, na unausikia mpigo wake kwenye nyayo za miguu kabla hujausikia masikioni. Injini ya mvuke ni ya mwaka 1888. Abiria anaruhusiwa kuinama na kuitazama ikifanya kazi: mitaimbo minene ya chuma inapanda na kushuka, shaba imesuguliwa hadi inang'aa, harufu ya mafuta ya moto imetanda. Fundi mmoja alikuwa akipita na kitambaa, anagusa hapa, anafuta pale, kama mama anayemkagua mtoto kabla ya kwenda shule. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Kigoma. Nilitamani angekuwa nami pale, dakika kumi tu.

Tulisafiri kutoka Hamar hadi Lillehammer. Meli ilisimama Gjøvik, ikapita chini ya daraja la Mjøsbrua, lenye urefu wa mita 1,420, kisha ziwa likaanza kubana na milima ikasogea. Chakula cha desturi humo ndani ni samoni, na baada yake stroberi za malai. Bei ni ya Norwe, yaani inauma, lakini samaki alikuwa mbichi na amepikwa bila fujo ya viungo. Kwangu mimi niliyekua kwa migebuka, hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kumpa mpishi. Wanaojali halali hawana shida humo, samaki anatosha.

Karibu na Gjøvik tulimpigia Mama simu ya video. Alitazama sitaha, akatazama bomba la moshi, akauliza, "Na watu wa vijijini wanapandia wapi?" Alikuwa anakumbuka safari zetu za Kasanga, Liemba inaposimama katikati ya maji usiku na mitumbwi inakuja mbio kutoka gizani, watu wanapanda na magunia, wengine wanashuka na watoto mgongoni, kelele mpaka nchi kavu. Nikamgeuzia simu aone gati la Gjøvik, watu wamepanga mstari kimya. Akasema, "Wamestarehe." Meli ikapiga honi kuondoka, na kule Ujiji nikasikia majirani wanauliza sauti ile ni ya nini.

Kwa safari hiyo natoa nyota tano bila kusita. Angalizo ni moja: inatembea majira ya joto tu, kuanzia karibu mwisho wa Juni hadi Agosti, na njia zinabadilika kulingana na siku ya wiki. Angalia ratiba kwanza, ndipo ununue tiketi ya treni.

Lillehammer yenyewe wengi mnaikumbuka kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1994. Tulipanda kilima cha kuruka na ski cha Lysgårdsbakkene kwa miguu, ngazi 936. Kuna kiti cha umeme cha kupandisha watu, ila mdogo wangu hakutaka kusikia. Juu kabisa, unaposimama pale mrukaji anapoanzia, tumbo linajikaza. Ziwa lote la kaskazini liko chini yako. Makumbusho ya Maihaugen, yaliyoanzishwa na daktari wa meno Anders Sandvig aliyekuwa akikusanya nyumba nzima nzima za vijijini, yanahitaji siku yake. Sisi tulipita haraka na najuta.

Usiku wa mwisho tulilala kwenye hema msituni juu ya mji, bila kulipa senti, na hili nataka wageni walijue. Norwe ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, awe mwenyeji au mgeni, haki ya kutembea na kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa. Masharti yake ni mepesi: kaa angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu, usizidishe siku mbili mahali pamoja bila kuomba, na kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba usiwashe moto msituni. Ukingoni mwa Mjøsa kwenyewe ni vigumu kupata nafasi kwa sababu kote kumelimwa, na shamba la mtu halimo kwenye haki hiyo. Pandeni juu kwenye miti. Mbu ni wengi, hawana malaria lakini wanauma vilevile. Maghrib iliingia kwenye saa nne na nusu usiku, na hata baada ya hapo mbingu haikuwa nyeusi. Chukueni kitambaa cha kufunika macho.

Jambo moja zaidi kuhusu maji. Nilioga asubuhi ya siku ya pili, baridi yake inakata pumzi, lakini nilikuwa naona vidole vyangu vya miguu chini. Miaka ya 1970 ziwa hili lilikuwa linaumwa. Mbolea, maji taka na sabuni zenye fosfati vilizalisha mwani mpaka maji yakanuka na kubadilika ladha. Serikali, manispaa na wakulima wakafanya kazi kwa miaka kadhaa, wakajenga mitambo ya kusafisha maji taka, wakabadili sabuni na namna ya kuhifadhi samadi, na leo miji ya pembeni inakunywa maji ya ziwa hilohilo. Nilimsimulia Mama habari hii kwa urefu kuliko habari ya meli, kwa sababu pale Ujiji tunapofulia nguo, rangi ya maji si ile niliyoikuta mimi nikiwa mtoto.

Mbebe sweta hata Julai, na chupa ya maji ya kujaza bombani, maana ya dukani ni ghali bure. Kwa treni ya kurudi Oslo kutoka Lillehammer, safari hii kaeni upande wa kulia. Mama ameshaanza kuulizia pasipoti.