Kutoa propela ya mbele au kung'oa transfa kesi?

Kuna njia mbili za kulifanya gari kuukuu la 4x4 liendeshwe na magurudumu ya nyuma pekee: kutoa propela ya mbele, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, au kung'oa transfa kesi, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Kutoa propela ya mbele ni kazi ya spana. Weka kabari magurudumuni, chora alama kwenye flanji (sahani za bolti zinazoungana na propela) ili siku ya kuirudisha ikae ilivyokuwa, kisha fungua bolti. Kama ncha yake huchomekwa ndani ya transfa kesi, ziba tundu, la sivyo oili itamwagika. Wengi hukwama hapa: transfa kesi yenye difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), kama ya Land Rover Defender, lazima difu hiyo ifungwe loki. Isipofungwa, flanji tupu ya mbele huzunguka bure na gari halisogei. Gia nzito za transfa (low) usizitumie kuvutia mzigo. Shafti za nyuma zinabeba nguvu zote, na hukatika.

Kung'oa transfa kesi hupunguza uzito, ila utahitaji mkia wa giaboksi ya 2WD (gari la kuendeshwa na magurudumu mawili), propela ndefu iliyobalansiwa, na mahali pengine pa kuendeshea spidomita. Kwenye Defender unapoteza pia breki ya mkono, maana imefungwa kwenye transfa kesi yenyewe. Kwangu njia hii inafaa tu transfa ikiwa imekufa na spea hazipatikani.

Ukitoa na shafti za mbele zinazoingia magurudumuni, angalia beringi ya habu (kitovu cha gurudumu). Ikiwa inabanwa na nati ya shafti, rudisha kipande cha nje cha joint (kiungo cha shafti upande wa gurudumu) na ukikaze. Bila hicho beringi hufumuka na gurudumu huchomoka.