Duka la CD Kinondoni: Kanumba utampata toka enzi za Kaole, ila ulizia part two kwanza

Nani anakodi CD siku hizi jamani. Deki yangu ilikuwa juu ya kabati inakula vumbi tu, remoti sijui ilishaenda wapi. Kilichonirudisha kwenye haya mambo ni binti wa dada yangu, ana miaka 14, kaja likizo kwangu Magomeni na kila jioni yuko mbele ya simu anajirekodi analia, anafuta, analia tena, mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kulikoni. Anataka kuwa msanii wa movie. Nikamuuliza unamjua Steven Kanumba, yule staa wa Bongo Movie, akanijibu "si yule aliyekufa?" Basi. Jumamosi nikambeba mpaka kwa mama mmoja wa Kinondoni anayekodisha CD za movie.

Duka lenyewe ni fremu moja tu, upande wa makaburini, bango lilishafutika na ukipita haraka utajua ni saluni maana wamepakana mlango kwa mlango. Mi nilikuwa mteja zamani nikaacha. Sasa maduka mengi CD zilikuwa zinapangwa mapigano huku, Kihindi huku, zilizotafsiriwa pale. Huyu mama Bongo Movie zake kazipanga kwa msanii, halafu kila msanii kampanga toka anaanza mpaka anakuwa staa, kwa hiyo ukitaja jina hakupi kava, anakuuliza kwanza "nikuanzishie wapi?"

Nikamwamkia, nikamwambia mama huyu binti anataka kuigiza, nataka amuone Kanumba. Akamtazama dogo toka juu mpaka chini akasema, "Za magari na majumba utaziona mbele ya safari mwanangu. Tuanze na ambapo hajulikani."

Aisee hapo ndo hela yangu ilipofanya kazi. Mama anaifuta CD kwa khanga huku anasimulia, kwamba Kanumba ni mtoto wa Shinyanga, kazaliwa tarehe 8 Januari 1984, kuigiza kaanza huko huko kwao miaka ya tisini akiwa kijana mdogo hana hata mtu wa kumjua, baadae Dar, na 2002 ndo anaingia Kaole Sanaa Group, kile kikundi cha maigizo ya kwenye TV, yani ana miaka 18, kamzidi dogo wangu minne tu. Waliokuwepo wanakumbuka Kaole ITV, tamthilia za Jahazi na Dira, mtaa mzima kimya, na wasanii kama akina Ray nao walipita humo humo. Mama ana vipande vya enzi hizo, alirekodi mwenyewe toka kwenye TV kwa mkanda halafu baadae akahamishia kwenye CD. Hivi hakodishi hata umlilie. Unaangalia pale pale dukani, kwenye stuli ya plastiki, TV ya kichogo, picha inatetemeka, matangazo ya sabuni yamo na sauti kama wanaongea ndani ya pipa. Binti alikaa saa nzima. Mimi mgongo uliniuma nikatoka kununua maji, narudi namkuta kasogeza stuli mbele zaidi.

Kukodi ni shilingi 500 kwa CD moja kwa usiku mmoja, na unaacha 5,000 ya dhamana. Ila ujanja uko hapa, movie za kipindi kile ziliuzwa part one na part two, na mama anahesabu kila moja peke yake, kwa hiyo movie moja unalipa buku. Nikamwambia mama hiyo sasa unatuonea, akacheka, akasema nikawaulize wasambazaji walioikata katikati.

Tukachukua Dar to Lagos ya 2006, ile ameigiza na Mercy Johnson wa Nigeria, na hapo ndo utajua jamaa alikuwa anakimbia, miaka minne tu toka ajiunge Kaole. Tukachukua Uncle JJ ya 2010 yenye wale watoto Jennifer na Patrick, na hii ndo ilimmaliza mpwa wangu kabisa, kila akitokea Jennifer ananisimamishia movie, "Anko, hapa ana miaka mingapi? Mbona mdogo kuliko mimi?" Ya 2011, Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah, niliichukua kwa ajili yangu mwenyewe nisiseme uongo. Kitu kingine nilichokigundua pale kwenye rafu, kava nyingi za Kanumba hazina stempu ya kodi ya TRA, nikashtuka nikadhani ni feki, kumbe stempu za filamu zilianza 2013 na mwenyewe alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na miaka 28 tu. Siku ya kumzika, Jumanne ile, mama anasema hakufungua duka, angefungulia wapi na watu walivyojaa toka viwanja vya Leaders alipoagwa mpaka makaburini.

Sasa lawama zangu. CD zimechoka. Movie moja iligoma kama dakika ya arobaini hivi, sura imeganda mdomo wazi, nikapaka dawa ya mswaki nikafuta kwa fulana ikaenda dakika kumi ikaganda tena. Nyingine tulifika mwisho wa part one pale penyewe panapowaka moto, kufungua kava la part two ndani kuna CD ya kwaya. Kwaya jamani. Kumpigia mama anasema "eeh, hiyo part two iko kwa mteja wa Mburahati wiki ya tatu hii." Sasa kwa nini hukuniambia nikiwa dukani? Pia daftari lake la wateja analielewa yeye peke yake, akiwa hayupo yule kijana wake hajui lolote, atakwambia tu "mama katoka."

Lakini nitarudi. Kwanza 5,000 yangu bado iko kule, mama kasema part two itarudi Alhamisi na hanikati kitu. Halafu nimekuja kujua kwamba binti ameshaongea naye kwa simu yangu bila mimi kujua, wamekubaliana aende saa mbili asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, TV iwe yake peke yake, na nauli ya daladala ameniomba jana usiku.