Foki ya Recon ni nzuri, ila pima habu kwanza

Nimeendesha RockShox Recon Silver RL, foki ya mbele ya baiskeli inayobonyea kupunguza mitikisiko, kwa miezi minane sasa, na naipenda sana. Ila wiki mbili za kwanza ilining'inia ukutani, kwa sababu gurudumu nililoinunulia halikuifaa.

Foki yangu ya zamani ilikuwa ya springi ya chuma, yenye mwendo (urefu inaoweza kubonyea) wa mm 100 na ekseli nyembamba ya mm 9 inayofungwa kwa wenzo. Hii mpya ni ya hewa, ina mwendo wa mm 120 na ekseli nene ya 15 kwa 110, kipimo kinachoitwa Boost. Gurudumu la zamani nilijua halifai, nikaagiza jingine la "ekseli ya mm 15". Muuzaji akanihakikishia litakaa. Siku ya kulifunga nikaliweka katikati ya miguu ya foki, likawa linacheza: uwazi wa mm 5 kila upande, na rota, yaani diski ya breki, imebaki upande wa ndani wa kaliperi inayoshika pedi, nje kabisa ya njia ya pedi hizo. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya mm 100. Ile 15 ni unene wa ekseli tu. Upana wa habu ni namba ya pili, na hiyo hakuna aliyeniuliza.

Zipo bushi za kuziba mm 5 kila upande, pamoja na ya kusogezea rota. Zinafanya kazi, lakini mimi nilizikataa. Uzuri wa Boost ni kwamba masikio ya habu, yanayoshika spoki, yamesogea mbali, spoki zinasimama kwa pembe pana zaidi na gurudumu halipindi kirahisi unapokata kona. Ukiweka bushi, habu inajaza foki lakini spoki zako zimebaki palepale.

Nikachukua gurudumu la habu ya Shimano MT400-B, spoki 32. Hapo nako kuna la kuangalia: habu hiyo hushika rota kwa meno na pete ya kukaza, na rota yangu ilikuwa ya bolti sita. Nikanunua rota nyingine. Shingo, yaani bomba la foki linaloingia kwenye fremu, haikunisumbua; fremu yangu ina kichwa kinachopanuka chini, na foki niliichagua hivyohivyo.

Nina kilo 84, na hewa ya foki ilibidi niilinganishe na uzito huo. Nilifunga utepe mwembamba wa plastiki kwenye mguu wa foki, nikapanda taratibu, nikashuka na kupima: utepe umesogea mm 30, yaani robo ya mwendo wote. Nilipofikia hapo ndipo mizizi na mawe yakaacha kunigonga viganja. Breki haikwaruzi tena nikikata kona kwa nguvu, jambo lililonikera miaka yote.

Kasoro ni moja, na inatokana na hizo mm 20 za ziada. Mbele pamepanda, pembe ya usukani imelala kwa takriban digrii moja, na kwenye mlima mkali gurudumu la mbele linatangatanga. Nasogea mbele ya kiti na kuinamia usukani, linatulia. Kama fremu yako imetengenezewa mm 100, usivuke 120.

Gurudumu la nyuma sijaligusa. Upana wake unaamuliwa na fremu, wala si foki, na la kwangu lenye habu ya 135 bado limenyooka.