Matairi ya Land Cruiser na Hilux za zamani Kanda ya Ziwa: lipi uanze nalo, lipi ulikimbie

Mwenye Land Cruiser HZJ75 au Hilux LN106 hapa Mwanza akishika hela kidogo, mawazo yanakimbilia bampa, taa za juu ya kebini, au kunyanyua springi. Mimi nasema hela hiyo iende kwenye matairi. Ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, 1HZ ya lita 4.2, haiogopi barabara zetu. Gari linakwama Kwimba au mwaloni Kayenze kwa sababu mpira uliovaa haukufaa udongo uliokanyaga.

Na udongo wenyewe ni wa kila aina. Ipo lami ya Magu na Shinyanga, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unafika Sengerema na Geita bila kusubiri kivuko. Ukitoka lami unakuta changarawe, mawe ya vilima vya mjini, mchanga wa mialo, halafu mbuga, ule udongo mweusi wa Usukumani ambao ukilowa unajaa kwenye kashata, yale meno ya tairi, mpaka tairi linabaki duara la tope. Tairi la kuyaweza yote hayo halijatengenezwa. Matairi haya nimeyapanga kwa mtu anayetumia lami kwa zaidi ya nusu ya safari zake na kubeba mzigo.

1. AT la waya, saizi nyembamba

AT ni tairi la njia mchanganyiko, lami na vumbi; la waya ni lile lenye nyuzi za chuma ndani. Hili ndilo la kwanza, na sina mashaka nalo. Kama gari lako linavaa 7.50R16 (upana inchi 7.5, rimu inchi 16), tafuta saizi hiyohiyo yenye kashata za AT, au 235/85R16, ambayo kimo chake ni karibu sawa kabisa. BFGoodrich, General na Yokohama wote wana AT zenye jina; tofauti kubwa ni bei na kama duka litakuletea manne yanayofanana. Vijana wanapenda 265/75R16 kwa sababu linajaza mbavu za gari. Kimo chake nacho ni kilekile, ila linataka rimu ya inchi 7 kwenda juu, wakati rimu nyingi za zamani zenye pete ya chuma inayobana tairi ni za inchi 5.5. Kwa hiyo unanunua matairi na rimu pia. Halafu tairi pana linapanda juu ya tope na kuteleza, wakati jembamba linakata tope na kutafuta ardhi ngumu chini.

Mwenye Hilux iliyokuja na 205R16 asirukie 7.50 kwa tamaa. Kipenyo kinaongezeka kwa karibu sentimita 7, tairi linaweza kugusa ukikata usukani wote, na injini yake iitwayo 3L, ya lita 2.8, itaanza kuomba gia ndogo kwenye kila mlima. Hata spidi inadanganya: mshale ukiwa 80, wewe uko karibu 87.

Soma pia namba ya uzito ubavuni. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. Kwa anayepakia magunia ya dagaa hadi springi zinanyooka, tofauti hiyo si ndogo.

2. 7.50R16 la kazi, kashata za kawaida

Yale ya pickup za mizigo, hayana mbwembwe. Kwenye mbuga ya masika yatakuaibisha, lakini lami na changarawe yanakaa sana, spea yake ipo kila mji, na fundi wa pancha wa Misungwi analijua hata gizani. Kama gari ni la biashara na mvua ikinyesha unaweza kusubiri njia ikauke, lipandishe namba moja.

3. MT

MT ni tairi la tope. Kwa anayeishi ndani ya mbuga, hili ni sahihi: mapengo makubwa ya kashata yanatema tope tairi likizunguka. Mjini linavuma, linaisha haraka, na juu ya lami iliyolowa breki zinachelewa. Ukilinunua kwa ajili ya sura, utalilipia kila siku.

4. Nailoni

Angalia maandishi: 7.50R16 ni waya, 7.50-16 yenye kistari ni nailoni, yaani nyuzi za ndani si za chuma. Ubavu wake ni mgumu na bei ni nafuu, linafaa gari linalotembea polepole shambani. Kimbiza mzigo nalo hadi Shinyanga juani, linachemka. Usichanganye nailoni na waya kwenye ekseli moja.

5. Mtumba

Muuzaji atakwambia, "Bosi, hili bado jipya, ona kashata." Acha kashata, tafuta DOT, namba iliyochapwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Zikiwa tatu tu, limetengenezwa kabla ya 2000, ondoka. Mara nyingi tarehe iko ubavu mmoja, kwa hiyo usipoiona mwambie aligeuze. Kisha bonyeza mpira kati ya kashata. Vinyufa vikifunguka kama ufa wa mbuga ya kiangazi, jua limeshalila. Chunguza na mifereji yenyewe: yapo yaliyochongwa kwa kisu yakapakwa rangi nyeusi, na chini ya mfereji unakaribia kuona waya. Ukibanwa sana, la mtumba liwe spea tu.

Kabla ya kulipia chochote, inua gari mbele utikise gurudumu. Taiirodi (fimbo inayogeuza magurudumu) ikiwa na mchezo, au beringi za knako (kiungo ambacho gurudumu la mbele linageukia) zimelegea, tairi jipya litaliwa upande mmoja kabla hujalizoea. Nunua manne ya saizi moja, na la tano likipatikana. Ukitia ya vimo tofauti mbele na nyuma halafu ukafunga fo-wili kwenye lami, ni boksi ya fo-wili inayoumia.

Kwenye mchanga wa mwalo, punguza upepo kabla ya kuingia, usisubiri kuzama. Lenye tyubu usilishushe kupita kiasi, maana tairi linateleza kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Rimu yenye pete haijazwi upepo mtu akiwa ameinamia mbele yake, wala bila kuifunga mnyororo. Pete ikiruka inaua. Na ukinunua pampu ndogo ya umeme, fungua boneti kwanza ujue gari ni la volti ngapi: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24, na pampu nyingi za dukani ni za 12.