Lenzi ya mtumba ninayopigia picha za menyu: Canon EF-S 60mm Macro

Vijana wanaotaka kuingia kwenye picha za vyakula hunitumia ujumbe uleule: "Kaka, ninunue kamera gani?" Jibu langu nalo halibadiliki: baki na kamera uliyonayo, tuongee lenzi. Kwa hiyo leo naongelea lenzi moja tu, ile ambayo ikiibiwa usiku huu, kesho asubuhi nitaanza kutafuta nyingine kabla sijafika kituo cha polisi.

Ni Canon EF-S 60mm f/2.8 Macro USM, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Ilitoka mwaka 2005, na kuna vijana wanaonishikia taa ambao mwaka huo walikuwa hawajaanza hata chekechea. Yangu nimeinunua mtumba kwa laki tano na kidogo, kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahamia fulu fremu, yaani kamera zenye sensa (kinasa picha cha ndani) kubwa kuliko ya kwangu. Naifunga kwenye Canon 200D, kamera ya mwaka 2017 yenye megapikseli 24 na kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuka. Kioo hicho ndicho kitu pekee ninachokidai kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa sababu kamera ikiwa juu ya meza inatazama chini, bila kioo cha kugeuka utaishia kupanda juu ya kiti na kukunja shingo. Habari za bodi zimeishia hapo.

Kazi zangu nyingi ni menyu na matangazo ya Instagram: migahawa ya Sinza na Mikocheni hapa Dar, wapishi wa shughuli, wauza juisi, mama mmoja wa keki kule Upanga. Studio sina. Nafika mgahawani asubuhi kabla wateja hawajajaa, naomba meza ya karibu na dirisha, natundika shashi nyeupe dirishani ili jua lisipige moja kwa moja, upande wa pili nasimamisha karatasi ya manila irudishe mwanga kwenye kivuli. Mazingira yenyewe ndiyo hayo, na lenzi nitaipima kwa mazingira hayo.

Wengi wetu tumeanza na 50mm f/1.8 STM, na sina ugomvi nayo. Ilitoka mwaka 2015, ina gramu 160 tu, na kwa bei yake hakuna lenzi mpya ya Canon inayoikaribia. Sahani nzima ya wali na maharage utaipiga nayo na mteja atafurahi. Tabu inaanza mpishi anapokuambia, "Nataka nyama ionekane ilivyoiva." Lenzi ile haikubali kusogea karibu zaidi ya sentimita 35, zikihesabiwa kuanzia kwenye sensa. Ukifika hapo, kwa bodi kama yangu, fremu inachukua upana wa sentimita 10 na nusu hivi. Kikombe cha kahawa kitakaa vizuri. Lakini ufuta juu ya mkate wa ufuta, au iliki iliyojificha kwenye pilau, au vile vitundu vya kitumbua vinavyomwambia mlaji kwamba unga uliumuka sawasawa, vyote vinabaki vidoa tu. 60 inasogea hadi sentimita 20 kutoka kwenye sensa, na hapo kitu cha milimita 22 kinajaza fremu kutoka ukingo hadi ukingo.

Huko mwisho kabisa siendi mara nyingi. Kioo cha mbele kinabaki na kama sentimita 9 tu kufika kwenye chakula: lenzi yenyewe inaweka kivuli, na kama mchuzi umetoka jikoni sasa hivi, mvuke unakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Raha yake ni kwamba njia yote iko wazi. Natoka sahani nzima hadi ukingo wa chapati ulioachana tabaka bila kubadilisha lenzi, mpishi akiwa amesimama pembeni anaangalia saa.

Sasa kuna wataalamu watakaokuambia uruke hiyo 60, uende 100mm Macro moja kwa moja. Ni lenzi tamu, sibishi, na toleo la L (daraja la juu la Canon) la mwaka 2009 lina kituliza mtikisiko ambacho 60 haina. Ila kabla hujatoa hela, pima chumba. Chukua sahani ya sentimita 28, iachie nafasi pembeni ya uma, kachumbari na kitambaa, ili fremu iwe na upana wa sentimita 40. Kwa 60, kwenye bodi zenye sensa ndogo kama yangu, kamera inakaa kama mita 1.2 kutoka kwenye sahani. Kwa 100 unahitaji karibu mita 2. Ukipiga ubavuni, mita 2 nyuma yako ni meza ya jirani au mlango wa jikoni ambao wahudumu wanaupita na masinia. Ukipiga kutoka juu ndiyo balaa: meza sentimita 75, jumlisha mita 2, kamera yako iko mita 2.75 kutoka sakafuni. Kwenye migahawa mingi ninayofanyia kazi hapo umeshafika kwenye feni, na feni wenyewe hawaizimi. Kwa 60 napanda stuli fupi, stendi inafika, maisha yanaendelea.

Ikija sinia ya biriani ya watu sita, hata 60 inashindwa. Hapo natoa EF-S 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba ya gramu 125, na kutoka mita moja hivi sinia nzima inaingia. Nyembamba hii na 60 zote zina uzi wa filta (kioo cha kufunga mbele ya lenzi) wa milimita 52. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu dukani, maana filta moja nzuri inahudumia lenzi zote mbili. 50mm ina uzi wa 49, itakubidi ununue na pete ya kuunganishia.

Filta ninayoisema ni polaraiza ya kuzungusha. Kwa vyakula vyetu vya pwani naiweka mbele ya vifaa vingi vinavyouzwa kwa mbwembwe zaidi. Chukua samaki wa kupaka. Tui zito, mafuta yamepanda juu, ngozi imeungua kidogo kwenye kingo. Mwanga wa dirisha ukigonga pale unarudi mweupe pe, na rangi ya manjano na wekundu wa pilipili vyote vinazama chini ya huo weupe. Ukizungusha polaraiza taratibu huku ukitazama kioo cha nyuma, weupe unapungua na rangi inaibuka kutoka chini. Mara ya kwanza utatamani uuondoe wote. Usiuondoe wote. Mama mmoja mpishi alitazama kioo cha kamera yangu, akavuta pumzi, akaniuliza, "Mwanangu, samaki wangu mbona mkavu hivi? Watu watasema wa jana." Ndiyo maana naacha mng'ao upande mmoja, mgongoni mwa samaki, hapo mlaji anaona unyevu na anaona rangi.

Polaraiza ina mipaka yake. Haiwezi kuondoa mng'ao wa chuma, kwa hiyo sufuria ya alumini na sinia la bati zitaendelea kukumulika usoni. Ukipiga kutoka juu kabisa haisaidii kitu kwenye mchuzi uliotulia. Kazi yake iko kwenye pembe ya mlalo, ile ambayo mtu aliyekaa mezani anaiona sahani yake. Na inakula mwanga, kama stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu). Lenzi isiyo na kituliza mtikisiko pamoja na filta inayokula mwanga maana yake ni stendi, kila siku. Asiyependa kubeba stendi aachane na lenzi hii.

Kuhusu tundu la lenzi, zile namba za f (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na sehemu inayoonekana kali inakuwa nyembamba), nina neno na wale wanaotangaza f/1.8 kama tunda la peponi. Ukiwa karibu na chakula, hata f/2.8 inakuachia sehemu kali nyembamba kama unyuzi, pua ya sambusa iko wazi na mkia wake ni wingu. Mteja amekulipa ili watu wajue anauza sambusa. Mimi naishi f/5.6 hadi f/8, na nyuma panalainika vya kutosha kwa sababu lenzi ni ndefu na chakula kiko karibu. Nikifika f/11 naanza kuona ukali unashuka, sipiti hapo.

Taa za mgahawa zizimwe, basi. Tyubu nyeupe za darini zikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa wali unageuka kijani na hakuna programu itakayokunusuru bila kukupotezea jioni nzima. Mwenye mgahawa akikataa kuzizima, weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/50 au 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukikimbiza shata zaidi ya hapo utaanza kuona mistari myeusi ikipita katikati ya picha. Siku za mvua, au umeme ukikatika, nina flashi ya Godox TT600 inayotumia betri nne za AA. Haina akili yoyote ya kujipimia mwanga, unaipangia nguvu kwa mkono. Kwa chakula kilichotulia mezani hiyo si hasara. Naisimamisha nje ya shashi ileile, inapiga ndani kama vile jua limetoka.

Vinywaji ndiko 60 inakopendeza kuliko nilivyotarajia. Glasi ndefu ya juisi ya ukwaju ukiipiga kwa simu ukiwa umeisogelea, mdomo wake unatanuka na kitako kinasinyaa, na ile hali ya simu ya kufifisha nyuma inakata ukingo wa glasi kama imekatwa kwa mkasi butu. Kwa 60 unasimama mbali kidogo na glasi inasimama wima. Mwanga uje kutoka nyuma. Kata kipande cha manila chenye umbo la glasi, dogo kuliko glasi yenyewe, kiegemeze nyuma yake pasipoonekana. Juisi inawaka rangi yake ya kahawia badala ya kuonekana kama maji ya mtaro. Matone ya ubaridi kwenye chupa ya soda usiyategemee kutoka kwenye friji. Unyevu wa Dar unafanya chupa itiririke na lebo ilowe kabla hujapata fokasi. Glaserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, kwenye kichupa cha kupulizia, itakupa matone yanayokaa palepale hadi umalize. Chupa hiyo usimpe mtu anywe.

Kasoro zake nazo zisemwe. Fokasi yake ya otomatiki ikiwa karibu sana na mwanga hafifu inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na wewe unabaki unaisubiri. Mimi nimeacha kubishana nayo: nakuza picha kwenye kioo mara kumi, nazungusha pete kwa vidole. Pete ni laini na haina haja ya kubadilisha swichi. Halafu kuna suala la familia yake: lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, haziingii kwenye bodi za zamani za fulu fremu kama 5D au 6D. Jamaa aliyeniuzia alikuwa anaikimbia kwa sababu hiyo, na wauzaji wengi wa mtumba wako kama yeye, hivyo una nguvu ya kupunguza bei. Kwenye kamera mpya za R inaingia kwa adapta ya Canon. Kwenye bodi zenye sensa ndogo kama R10 hupotezi kitu, ila kwenye R ya fulu fremu kamera itakata picha na utabaki na sehemu ya megapikseli zako.

Ukiikuta mtumba huku pwani, adui namba moja ni kuvu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili kwa kuinamisha kidogo. Vumbi mbili tatu hazina neno. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, rudisha, hata kama bei imeshuka hadi inatia huruma. Kuna muuzaji mmoja aliwahi kuniambia nyuzi zile ni "alama za kiwandani". Yangu inalala kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani. Na kama umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia jikoni, iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika ishirini hivi, la sivyo kioo kitajaa ukungu na utashawishika kukifuta kwa shati.

Kizuia jua chake, ET-67B, huuzwa peke yake. Sijakinunua. Naweka mkono juu ya lenzi, inatosha.